Jina Lililochelewa Kufika

Ukiichukua ramani ya Kenya, msomaji, ukaifuata kwa kidole njia itokayo Wajir kwenda Moyale, utakutana na jina la Buna. Ni mji mdogo wa wafugaji katika nchi kame, ambako maisha ya watu hutegemea ngamia, mbuzi na maji. Vitabu vya historia havikuutaja mara nyingi, na vilipoutaja vilifanya hivyo kwa sababu ya vita. Mwezi wa Julai 1940 majeshi ya Italia yalivuka mpaka kutoka Ethiopia, yakaitwaa Moyale, kisha yakaingia Buna; na mwanzoni mwa mwaka uliofuata yakaondoshwa.

Lakini historia si ya majeshi peke yake. Iko historia ya elimu pia: jinsi elimu inavyozaliwa mahali pamoja, ikasafiri polepole, ikapotoshwa njiani, na jinsi wanavyoumia wale ambao haijawafikia bado. Historia hiyo ndiyo nitakayokusimulia hapa. Inahusu wazazi, na inahusu neno moja.

Mfikirie mama mmoja wa Buna, au wa Garissa, au wa mahali popote unapopajua. Mwanawe alizaliwa salama, akanyonya, akakaa, akatembea kama watoto wengine. Lakini akiitwa kwa jina lake haitiki, ingawa mlio mdogo wa kijiko nje ya nyumba humshtua. Haonyeshi kitu kwa kidole ili mamaye naye akitazame. Maneno machache aliyokuwa ameyapata yanatoweka moja baada ya moja. Hupanga vijiwe kwa mstari tangu asubuhi hata jioni, na mtu akikiondoa kimoja hulia kana kwamba nyumba imeungua. Majirani wanatazama. Mmoja anasema mtoto ni kiziwi, wa pili anasema amepagawa na pepo, wa tatu anasema hana adabu kwa sababu hakufunzwa. Mama hana la kujibu, maana hajui jina la jambo lililomfika.

Jina lake kwa Kiswahili ni usonji. Waarabu huliita *tawahhud*, neno lenye shina moja na *wahid*, yaani mmoja. Usonji hauambukizi, wala si adhabu, wala si wazimu. Ni namna tofauti ya kukua kwa ubongo, inayoanza kabla mtoto hajazaliwa au mapema sana katika maisha yake, nayo hugusa jinsi anavyozungumza, anavyohusiana na watu, na anavyopokea sauti, mwanga na mabadiliko. Wengine hawasemi kabisa maisha yao yote. Wengine husema vizuri na kusoma mpaka chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 hivi duniani alikuwa na usonji. Basi jambo hili si geni wala si la nchi za mbali. Kilicho kigeni ni habari zake.

Hebu tuangalie jina hilo lilivyopatikana. Mwaka 1911 daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, alilitumia neno alilolitoa katika Kigiriki lenye maana ya nafsi, kueleza hali ya wagonjwa wake waliojitenga na watu. Hakuwa akisema habari za watoto. Mwaka 1925 daktari mwanamke wa Urusi, Grunya Sukhareva, aliandika juu ya wavulana waliokuwa na dalili ambazo leo tungeziita usonji, lakini kazi yake haikujulikana sana nje ya kwao. Kisha mwaka 1943, miaka mitatu baada ya Waitalia kuingia Buna, Leo Kanner, daktari wa watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha makala juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Hapo ndipo dunia ilipoanza kulitambua jambo hili kuwa jambo lenye sura yake.

Zingatia, msomaji, jinsi Kanner alivyoanza kujua. Wa kwanza katika watoto wale 11 alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1937 wazazi wake waliagizwa na waganga wampeleke kuishi katika nyumba ya kulelea watoto, mbali nao. Walitii, lakini hawakutulia, na mwaka uliofuata wakamrudisha nyumbani. Baba yake akaketi akaandika barua ya kurasa 33, akaeleza kila alichokiona kwa mwanawe: alivyohesabu, alivyozungusha vitu, alivyosema maneno yale yale, alivyopenda kuwa peke yake. Barua ile ilimfikia Kanner, nayo ikawa msingi wa kazi iliyompatia sifa duniani. Kwa hiyo elimu ya usonji haikuanza katika kichwa cha tabibu peke yake. Ilianza pia katika macho ya mzazi aliyemtazama mwanawe kwa makini na asikubali kunyamaza. Donald alikua, akasoma chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akafa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89 katika mji ule ule uliomzoea na kumpenda.

Ungedhani kwamba baada ya mwanzo huo wazazi wangeheshimiwa. Haikuwa hivyo. Kanner mwenyewe, ambaye mwanzoni alisema watoto wale walizaliwa na hali yao, baadaye alianza kuandika juu ya ubaridi wa wazazi. Wengine wakalichukua neno hilo wakalikuza. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kiitwacho *The Empty Fortress*, alieneza fikira kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mamaye hakumpenda. Watu wengi walimwamini, maana alisema kwa ufasaha na kwa sauti ya mtaalamu. Mama aliyekwenda kutafuta msaada alirudi nyumbani na hatia. Mzigo wake ulikuwa mmoja, sasa ukawa miwili.

Hapa ndipo tunapoona kwamba habari mbaya ina madhara kuliko kukosa habari. Asiyejua njia huuliza; aliyeonyeshwa njia ya uongo hutembea kwa bidii kuelekea pasipo maji.

Walioivunja fikira ile walikuwa wazazi. Mwaka 1962 kundi la wazazi lilikutana London likaanzisha chama cha watoto wenye usonji, na miongoni mwao alikuwa Lorna Wing, daktari aliyekuwa na binti mwenye hali hiyo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la wanamaji la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu kilichopima hoja za wale waliowalaumu akina mama, akaonyesha kwamba hazina ushahidi. Mwaka uliofuata akashirikiana na wazazi wenzake kuunda chama cha taifa lao. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi hao akawaondolea hatia hadharani. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana kabisa, hapakuwa na hata moja. Uchunguzi ulikuwa mdogo, lakini ulionyesha kwamba urithi wa mwili una sehemu kubwa katika jambo hili. Mapenzi ya mama hayakuwa chanzo.

Je, Afrika ilikuwa wapi wakati huo wote? Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizuru miji kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwamo katika nchi alizofika, akawakuta watoto wenye usonji, akachapisha matokeo yake mwaka 1978. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba jambo hili ni la wazungu au la matajiri. Katika Kenya vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikaundwa mwaka 1986 ili kuwafunza walimu. Hata hivyo usonji ulikuwa bado haujapewa mahali pake penyewe. Mwaka 2003 wazazi wa Nairobi walikusanyika wakaunda Chama cha Usonji cha Kenya, na darasa la watoto wao likafunguliwa katika shule ya msingi ya City. Angalia tena: London mwaka 1962, Nairobi mwaka 2003, mlango ulibishwa na mkono wa mzazi.

Tunajua kidogo pia wazazi wa pwani walivyokuwa wakiwaza. Watafiti wa Kilifi walizungumza na watu 103, wazazi na wataalamu, wa Kilifi na Mombasa, wakachapisha habari zao mwaka 2015. Walioulizwa walitaja pepo, uchawi na laana, na pia walitaja maradhi, urithi na matatizo ya uzazi. Walikwenda kwa mganga, kwa viongozi wa dini na hospitalini pia. Usiwacheke, msomaji. Mtu aliye ndani ya shimo hushika kila kamba inayoteremshwa. Wazazi hao walieleza pia aibu waliyopewa na jamii, fedha zilizokwisha, na uchovu wa kumlinda mtoto usiku na mchana.

Sasa turudi kaskazini mashariki. Kwa nini habari zilizochelewa Nairobi na Mombasa zichelewe zaidi Buna? Jibu limo katika historia unayosoma darasani. Serikali ya kikoloni iliifanya nchi ile kuwa wilaya ya mpaka iliyofungwa. Kwa sheria ya mwaka 1934 mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Baada ya uhuru, mwishoni mwa mwaka 1963, ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya vita vya shifta, na amri zake hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mahali palipofungwa kwa vizazi viwili, shule hazijengwi kwa wingi, madaktari hawaji, na barabara haitengenezwi. Kutoka Nairobi mpaka Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na anayekwenda Buna akifika Garissa bado ana safari ndefu mbele yake. Lugha nayo ilikuwa na njia yake. Kisomali, kinachosemwa na wengi wa jimbo hilo, kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, na kwa miaka mingi wazazi wenye kukisema walieleza kwamba hawakuwa na neno la kuitaja hali ya watoto wao, isipokuwa maneno ya wazimu.

Tukio moja la kusikitisha linatuonyesha hatari ya pengo hilo, ingawa lilitokea mbali sana. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wakimbizi walivuka mpaka wakapokelewa Dadaab, katika Garissa. Baadaye wengi waliopita katika kambi za Kenya walipelekwa kuishi Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota. Huko, mwaka 2008, wazazi wa Kisomali mjini Minneapolis waligundua kwamba watoto wao ni wengi mno katika madarasa ya usonji. Mwaka huo huo watafiti wa Uswidi walichapisha habari kama hizo kutoka Stockholm. Wazazi wakauliza: Ni kwa nini? Hawakupata jibu upesi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulipotoka mwaka 2013 ulisema kwamba mjini humo mtoto 1 katika kila 32 wa Kisomali alikuwa na usonji, na mtoto 1 katika kila 36 wa wazungu. Tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha lolote. Lakini watoto wa Kisomali walionekana kuwa na shida nzito zaidi.

Katika miaka ile ya kungoja, jibu la uongo lilikuwa limekwisha ingia. Mwaka 1998 Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, alikuwa amechapisha makala juu ya watoto 12, akidokeza kwamba chanjo ya surua ina uhusiano na usonji. Ikaja kuthibitika kwamba makala ile haikuwa ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona kwamba chanjo huongeza usonji. Lakini wazazi wa Minneapolis walikuwa wamefikiwa na uvumi kabla ya ukweli, na Wakefield mwenyewe alikwenda kuzungumza nao. Katika watoto wa Kisomali waliozaliwa Minnesota, waliopata chanjo walikuwa 92 katika kila 100 mwaka 2004. Kufikia mwaka 2014 walikuwa 42. Mwaka 2017 surua ikazuka. Watu 75 waliugua, wengi wao wakiwa watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Usonji haukupungua hata kwa mtoto mmoja.

Je, wazazi wale walikuwa wajinga? Hasha. Waliuliza swali la haki, na kuuliza si ujinga. Kosa ni la wale waliokuwa na elimu wakachelewa kuileta kwa lugha ya watu na kwa heshima, hata nafasi ikatwaliwa na mwenye uvumi.

Pengine utasema kwamba nchi ya wafugaji ni ngumu, kwamba watu wanaohama hawawezi kufikiwa. Wajir yenyewe imekwisha kulijibu neno hilo. Mwalimu wa Kiitalia, Annalena Tonelli, alifika Kenya mwaka 1969, kisha akaishi Wajir miaka mingi, akiwatunza pamoja na wenzake watu wenye ulemavu na wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule ilidhaniwa kwamba mfugaji hawezi kutibiwa kifua kikuu, kwa kuwa huhama kabla dawa hazijaisha. Mwaka 1976 ulianzishwa mpango mwingine: wagonjwa walijenga manyata zao karibu na kituo, kwa desturi yao, wakakaa miezi sita, wakimeza dawa mbele ya mhudumu mpaka wapone. Mpango huo ulifaulu, na manyata za namna hiyo zikaenea katika wilaya nyingine za kaskazini. Hawakulazimishwa kuwa watu wa mjini ili watibiwe. Tiba ndiyo iliyojifunza desturi zao.

Basi wazazi wa mtoto mwenye usonji wanahitaji nini? Historia niliyokusimulia inatufunza mambo manne. Kwanza wanahitaji jina, tena mapema, katika lugha wanayoota nayo ndoto. Mhudumu wa afya anayepima uzito wa mtoto aweze pia kuuliza kama anaitika na kama anaonyesha kwa kidole. Pili wanahitaji ukweli juu ya chanzo, ili mama asihukumiwe na chanjo isikataliwe. Tatu wanahitaji mwalimu na mshauri aliye karibu, wa kuwaonyesha kazi za kila siku: jinsi ya kumfunza mtoto kuomba maji kwa ishara au kwa picha, jinsi ya kumtayarisha kabla ya safari ya kuhama, jinsi ya kumtuliza katika kelele. Nne wanahitaji wenzao, maana mzazi anayemjua mzazi mwingine wa namna yake hajioni tena kuwa amelaaniwa.

Sheria haikosekani. Kenya ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010 ikazithibitisha haki zao katika kifungu cha 54. Na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua mahali pa ile ya 2003. Umoja wa Mataifa nao uliiweka tarehe 2 Aprili, tangu mwaka 2008, kuwa siku ya kuukumbuka usonji duniani. Lakini sheria ni kama mvua iliyonyesha milimani: mwenye ng'ombe bondeni hainywi mpaka ichimbiwe mfereji.

Nawe, msomaji, unayo sehemu ya kuchimba. Huenda katika kijiji chenu yuko mtoto anayefichwa mgeni anapobisha hodi. Huenda yuko anayechekwa njiani kwa sababu hupeperusha mikono yake au hurudia neno moja. Wewe umejua leo jina la hali yake, na mamaye pengine hajalijua. Usiende kwake na majivuno ya mwanafunzi. Nenda kwa adabu, umsalimie mama, ukae, umsikilize kwanza. Maana yeye anajua juu ya mwanawe mambo mengi kuliko kitabu chochote, kama alivyojua yule baba wa Mississippi aliyeandika kurasa 33. Kisha umwambie kwamba hali hii ina jina, kwamba wako wazazi wengine, na kwamba hakukosa. Iwapo hajui kuandika, mwandikie wewe yale anayoyaona, ayapeleke kwa mganga wa kituo cha afya. Barua moja ya namna hiyo iliwahi kuifunza dunia. Hakuna ajuaye kwamba nyingine haitatoka Buna.